Funza mguuni: weka pini chini, muue palepale alipo

Mtoto akiwashwa usiku, na pembeni mwa ukucha wa dole gumba kuna nukta nyeusi katikati ya duara jeupe, wengi wetu tunakimbilia pini. Iache. Funza, au tekenya kama wengine wanavyomwita, huumiza akiachwa, lakini akichokonolewa huumiza zaidi.

Nukta ile ni ncha ya mkia wake. Jike huwa na milimita 1 hivi anapopenya ngozi kwa kichwa na kuacha sehemu ya nyuma nje. Kwa tundu hilo moja anapumua, anatoa kinyesi, anapandwa na dume na kutaga. Ndani ya wiki mbili tumbo linajaa mayai na ujazo wake unaongezeka takriban mara 2,000, hadi anakaribia sentimita 1. Hapo mtu anaanza kuchechemea. Baada ya wiki nne hadi sita tangu aingie, funza hufa mwenyewe humo humo.

Pini ikiingia, kifuko hicho hupasuka, vipande vinabaki nyamani na mguu unatunga usaha. Mayai nayo yanadondoka sakafuni. Pini moja ikizungushwa kwa watoto watatu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na hata VVU, na kidonda kilichoguswa na udongo ni mlango wa pepopunda. Kwa hiyo hakikisha chanjo ya pepopunda ya kila aliye na funza iko sawa. Mafuta ya taa na dawa za mashambani usipake kabisa: zinaunguza ngozi, na sumu yake inapita kwenye vidonda.

Dawa ninayoishauri ni dimetikoni nyepesi, ile inayouzwa kwa ajili ya chawa wa kichwani. Ni mafuta ya silikoni yanayopenya kwenye tundu la funza na kuziba njia yake ya hewa. Katika utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, watoto walitibiwa mguu mmoja kwa dimetikoni na wa pili kwa kulowekwa kwenye maji ya potasiamu pamanganeti, dawa ya punje za zambarau inayoua vijidudu. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza wa upande wa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai. Upande wa pili ni asilimia 39 tu. Dukani taja kwamba ni ya chawa, maana dawa za gesi tumboni zina jina linalokaribiana, na krimu za ngozi zenye dimetikoni ni nzito mno kupita tunduni.

Osha miguu kwa sabuni, sugua taratibu matope yaliyoganda juu ya nukta, kisha kausha vizuri hadi katikati ya vidole. Maji yakibaki tunduni, dawa haiingii. Dondosha matone mawili au matatu juu ya nukta yenyewe, urudie mara tatu ndani ya dakika kumi hivi. Halafu mwache. Atakauka na ngozi itamsukuma nje yenyewe. Hapa ndipo watu hukosa subira na kurudia pini.

Kama kuna potasiamu pamanganeti tu, nusu gramu kwa lita moja ya maji inatosha. Ikizidi inaunguza. Punje zote ziyeyuke kabla mguu haujaingia, na mguu wenye usaha, wekundu unaopanda au homa upelekwe kituo cha afya.

Mdudu huyu aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Kilichomfuga ni sakafu ya vumbi. Mayai huanguliwa kwenye udongo mkavu, mara nyingi pale pale watoto wanapolala, na baada ya wiki tatu hadi nne funza wapya wako tayari. Kufagia kukavu hakuwaui. Sakafu ya saruji inayodekiwa kwa maji na sabuni ndiyo kinga ya kweli. Kama haipo, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na watoto wasilale chini. Mbwa, paka, nguruwe na panya nao hubeba funza, hivyo kagua nyayo za mifugo yako na usiwalaze mnamolala. Watoto kagua kila jioni wakati wa kiangazi, wanapozidi: kati ya vidole, kisigino, ukingo wa wayo. Aliyeingia leo ni kidoa chekundu tu.