Anza na Sikio: Kwa Wanaoingia Chuo Kikuu Kusoma Filamu na Televisheni

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yanapotangazwa, wadogo zangu wanaokwenda kusoma utayarishaji wa filamu, televisheni na video huniuliza swali lilelile: wanunue kamera gani? Nimeamua kulijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu si jina la kamera, na halieleweki bila kusimulia kilichonipata.

Katika mwaka wangu wa tatu tulitengeneza filamu fupi ya dakika 12, kazi ya kumalizia shahada, katika nyumba ya mama mmoja wa Magomeni aliyetukubalia kutumia sebule yake kwa siku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Tuliazima kamera nzuri, tukabishana kwa saa nzima juu ya lenzi, tukaanza kupanga taa tangu alfajiri, na kazi ya kunasa sauti tukampa mwenzetu aliyechelewa kikao cha kugawana majukumu, tena bila kumpa hedifoni. Picha zilitoka safi sana. Nilipoketi kuhariri ndipo nilipolisikia jokofu la jikoni: katika shoti moja linanguruma, katika shoti inayofuata limenyamaza, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima yenyewe, nasi tulirekodi maneno ya mhusika mama kabla ya chakula cha mchana na majibu ya mhusika mwanawe baada ya chakula. Kila nilipokata kutoka uso mmoja kwenda mwingine, ilikuwa kana kwamba watu hao wamehamia chumba kingine. Nililazimika kuyafunika mazungumzo kwa muziki, na siku ya kuonyesha filamu ukumbi haukuisikia sentensi ambayo hadithi yote iliiegemea. Mwigizaji wetu alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi ile kwa wiki tatu, na hadi leo nikimkumbuka naona kwamba nilimdhulumu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda ukajifunze sauti kwanza. Ukiingia katika nyumba unayotaka kurekodia, simama katikati ya chumba, funga macho, usikilize kwa dakika mbili kabla hujatazama dirisha wala rangi ya ukuta. Feni zima. Jokofu lizime kwa idhini ya mwenyeji, na uweke funguo zako ndani yake ili usiondoke bila kukumbuka kuliwasha. Mbinu hiyo ni ya wanasauti wa miaka mingi na imeokoa nyama na samaki wa watu wengi. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji au vigae na kuta tupu, na sauti hugonga na kurudi. Tandika mablanketi sakafuni na uegemeze magodoro ukutani nje ya picha, utashangaa chumba kinavyotulia. Usipange kurekodi mazungumzo chini ya bati wakati wa masika, na muda wa adhana uuandike katika ratiba ya siku mapema, ili watu wapumzike wakati huo badala ya kukatishwa katikati ya hisia.

Maiki isogezwe karibu na mdomo wa msemaji kadiri ukingo wa picha unavyoruhusu. Ukiongeza umbali maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6 ilhali mwangwi wa chumba hubaki palepale, na hakuna programu ya kuhariri itakayoutenganisha kwa usafi unaoutaka. Weka kiwango ili maneno ya kawaida yacheze karibu na desibeli -18 hadi -12 kwenye mita ya kinasa sauti, ambako sifuri ndiyo kikomo, ukiacha nafasi ya kilio na ukelele. Halafu, kabla hamjafungasha vyombo, waombe wote wanyamaze mahali walipo na urekodi ukimya wa chumba kile kwa sekunde 60. Ukimya huo ndio utakaozibia nyufa zote wakati wa kuhariri. Laiti ningekuwa nao, na tungekuwa tumelizima lile jokofu, filamu yangu ingeponyeka.

Kuhusu mwanga, kuna jambo moja ambalo vitabu vingi tunavyosomea havilisemi vya kutosha, kwa kuwa viliandikiwa nchi nyingine na nyuso nyingine. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yetu ikawa kama kosa la kiufundi. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini ukiiachia ijipangie yenyewe, kamera hulenga kuifanya picha nzima iwe na mwangaza wa wastani. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, nayo itaupunguzia ukuta mwangaza na kuuzamisha uso gizani. Pima mwanga kwa kuangalia uso, si ukuta. Uangazie kwa ubavuni kwa taa pana na laini, uache ngozi iakisi, na umwondoe mwigizaji karibu na ukuta mweupe ikiwezekana. Jua letu nalo lina tabia yake: Dar es Salaam hupita karibu na utosi mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba, na mchana macho ya mtu hugeuka mashimo meusi. Piga picha za nje kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, ukijua kwamba huku karibu na ikweta giza huingia haraka, na ile jioni ndefu ya dhahabu inayosifiwa vitabuni hutaipata.

Kitu ambacho chuo kitakupa na mtandao hautakupa ni watu: wenzako waliolazimika kufanya kazi nawe, na mhadhiri aliyelazimika kuitazama kazi yako mbovu hadi mwisho na kukueleza ilipovunjika. Ndiyo maana nakusihi usigombee uongozaji katika kila zoezi. Omba sauti, omba kutunza mwendelezo (kuhakikisha nguo, vitu na matendo yanalingana kutoka shoti moja hadi nyingine), omba kuwa msaidizi wa mhariri, na katika studio ya televisheni omba kukaa kila kiti, hata cha kuhesabu muda. Atunzaye mafaili naye aheshimiwe: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, na kadi isifutwe mpaka kazi iwe na nakala tatu, moja ikiwa imelala nyumba nyingine.

Kwa upande wa sheria nitasema machache. Ukiwa Tanzania, isome Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 pamoja na kanuni zake, uulize mapema Bodi ya Filamu inahitaji nini, na utembee na barua ya chuo. Kila mwigizaji na kila mwenye nyumba asaini kibali kabla ya siku ya kwanza.

Likizoni, ukiweza, vuka uende Zanzibar kwenye tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambalo mara nyingi limeonyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe. Kaa katikati ya watazamaji na usikilize wanapocheka, wanapoguna, na wanapoanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu filamu imewapoteza. Ukumbi wa wazi hauna adabu ya kujifanya umeelewa.

Kuhusu fedha yako, basi: nunua hedifoni nzuri zinazofunika masikio, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na diski kuu mbili za kuhifadhia kazi, na kamera uiazime chuoni. Mimi nilinunua kamera yangu ya kwanza miaka miwili baada ya kuhitimu, kwa fedha niliyolipwa kwa kunasa sauti katika filamu za wenzangu.