Muulize waziwazi dada, hutamtia fikra

Dada yangu nimesoma ulivoandika kuhusu mdogo wako wa miaka 19, kwamba tangu matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke hatoki chumbani, usiku halali, na juzi akamwambia mama ati "mtapumzika nikiwa sipo". Na wewe waogopa kumuuliza kama anafikiria kujiua manake waona ukimtajia ndo utamfungulia njia. Samahani kwa urefu, hili jambo nimelipitia na siwezi kulijibu kwa mistari miwili.

Muulize. Tena leo. Kumuuliza mtu hakumtii fikra ambayo hakuwa nayo, wataalamu washalichunguza hili miaka mingi wakaona ni hivo, na kama fikra anayo basi wengi wanapata nafuu wakiona kuna mtu wa kulisikia jambo lenyewe bila kukimbia wala kupiga kelele. Lakini uliza sawasawa. Ukimwambia "we huwezi kufanya ujinga huo eh?" ushampa jibu mkononi, atakwambia siwezi na mazungumzo yameisha hapo.

Mimi nafundisha mpira vijana wa mtaa huku Kisauni, Mombasa, na kulikuwa na mmoja (nimebadilisha mambo kidogo asijulikane) alikuwa mchangamfu sana halafu akaanza kuchelewa mazoezi, akawa hali, hacheki, na hali hiyo ikakaa sana. Kisha ghafla akawa mtulivu. Maskani wakasema kashamaliza stresi zake. Lakini mimi nikaona amempa mtoto mdogo njumu zake, nzima kabisa, akamwambia zitakufaa, na alikuwa anazunguka kuomba watu radhi na hakuna safari wala Idi. Utulivu wa ghafla baada ya mtu kuzama muda mrefu usifurahie haraka, wakati mwingine ni kwamba ashaamua.

Nikamsubiri wenzake watoke, tukakaa wawili ukutani pale uwanjani, nikamwambia mwanangu, nimeona umegawa njumu, umeomba watu radhi, watu wakifika hapo wengine huwa wafikiria kujiua, wewe je, wafikiria kujiua? Alinyamaza sana. Sikumjazia maneno. Mwisho akasema ndio kochi.

Hapo moyo utakwenda mbio, na wangu ulikwenda mbio, lakini usimwambie "astaghfirullah hebu ona mama yako atakavolia", manake tayari anajiona mzigo na wewe wamuongezea. Nilimuuliza kama ameshapanga, lini, na kama ana kitu tayari. Maswali hayo ni magumu kutamka lakini ndo yanakuonyesha haraka yenyewe, mtu anaetamani tu asiamke na mtu mwenye mpango wa leo usiku wote wanahitaji msaada ila huyu wa pili haachwi peke yake hata dakika. Yeye alikuwa na mpango. Akanisihi nisimwambie mtu. Nikamjibu hilo siwezi kukuahidi, ila sitamwambia mtu yeyote bila wewe kujua ni nani, sasa nichagulie, nimpigie nani? Akachagua mjombake, babake hakumtaka kabisa.

Kilichokuwa kinamla ni beti na mikopo ya simu. Alikopa huku kulipa kule, wale wa mikopo wakawa wanamtishia kupigia watu walio kwenye simu yake, na kwao hakuna aliejua. Deni lenyewe lilikuwa la kulipika kabisa, lakini usiku peke yako na simu inalia halionekani hivo. Mdogo wako ni gredi, mwengine ni kuachwa na mpenzi, mwengine unga wa kulevya, na mara nyingi si jambo moja, yamepandana. Kwa hivo usimalize kwa kumwambia atarudia mtihani. Msikize kwanza yote.

Usiku ule ule mkiwa nyumbani ondoeni madawa yote, hata ya wazee, sumu za wadudu, na chochote atakachokutajia mwenyewe. Watu hudhani anaetaka atapata njia tu. Si kweli, ile hamu kali huja na hupita, na Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali idadi ya wanaojiua ilishuka sana.

Sasa familia. Kwao huyu kijana wengine walisema ni jini, wengine wakaanza kumhubiria moto akiwa amekaa pale pale. Alietuokoa ni imamu wa msikiti wa mtaani, alikuja akakaa nae chini, akamuuliza umekula, kisha akawaambia wazee dua na hospitali havigombani. Kama kwenu kuna mzee wa namna hiyo mtafute, na kama ni wa kufoka msimuite kwanza. Na yule jirani anaesema haya ni mambo ya wazungu, mwambie shirika la afya duniani limehesabu watu zaidi ya 720,000 kwa mwaka, karibu robo tatu ni nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni chanzo cha tatu cha vifo.

Mamake huyu kijana alikuwa anaogopa polisi. Nasikia watu bado wanaogopa, na zamani walikuwa na haki kuogopa, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Hospitali semeni ukweli wote, msifiche ati ni homa.

Na akitoka hospitali msidhani yameisha, wiki za mwanzo baada ya kutoka ndo za kuangaliwa sana. Siku ya kwanza nyumba hujaa, ya nne hakuna mtu. Sisi tuligawana zamu na wachezaji, huyu anapita asubuhi, yule anamtumia meseji usiku, hata "umelala?" tu. Alirudi uwanjani pole pole, mwanzo akawa anashika bendera tu.

Ukikwama usiku piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu na haina malipo, au Befrienders, shirika la kusikiliza watu wenye fikra za kujiua, 0722 178 177. Kama anaesoma hapa ni mtoto wa shule, 116 ni yenu, ni namba ya simu ya kusaidia watoto. Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili, na kama ni dharura nendeni moja kwa moja kasualti ya Coast General, hata saa nane za usiku, kwa tuktuk yoyote, na awe kati yenu wawili. Beba kitambulisho chake na namba yake ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Ukizikosa usikae kuzitafuta, nendeni hivo hivo.