Stika zenye uso wa binti yangu zinazunguka kundi la darasa: nianzie wapi?

Swali: Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Kigoma. Wenzake walichukua picha yake ya wasifu wakaigeuza stika za kumdhihaki. Kila akiandika neno kwenye kundi la WhatsApp la darasa wanamrushia. Sasa kuna namba ngeni inamtumia matusi usiku. Nimemnyang'anya simu, nataka nifute WhatsApp kabisa. Nifanye hivyo? (Mama, Mwanga)

Jibu: Hapana mama, usifute kitu. Meseji zikishafika kwenye simu, WhatsApp haibaki na nakala. Kama hakuna bekapu, ukiondoa programu umeondoa na ushahidi. Aliyetuma naye anaweza kuzifuta kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na kundi likiwekewa meseji za kutoweka, huenda zikadumu saa 24 tu. Kwa hiyo kazi ya leo ni kukusanya.

Piga skrinishoti ya kila tusi pamoja na meseji zilizolitangulia na zilizolifuata, tarehe na saa zionekane. Kosa linalojirudia ni kuleta skrinishoti yenye jina tu, "Dogo" au "Shosti", bila namba. Jina hilo kaliandika mwenye simu, halithibitishi chochote. Gusa jina, fungua taarifa zake, piga na ukurasa wenye namba. Usikate kingo wala kuchora mishale. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama hupima pia jinsi ushahidi ulivyotunzwa, hivyo simu yenyewe ina uzito kuliko picha zake: isiuzwe, isiflashiwe.

Picha ya utupu ni habari nyingine. Hata kama ni ya kutengenezwa, usiipige skrinishoti, usimtumie mwalimu wala shangazi, maana kusambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa kwako pia. Peleka simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Ushahidi ukishakaa salama, ripoti kwanza, zuia baadaye. Ukiripoti namba, WhatsApp hupokea meseji zake tano za mwisho. Kisha ingia Mipangilio, Faragha: picha ya wasifu ionwe na watu aliowahifadhi tu, na wao tu ndio waweze kumuunga kwenye makundi. Haitazifuta stika zilizokwishatengenezwa, ila itapunguza malighafi.

Kuhusu namba ngeni, wengi hujifanya wanatuma pesa ili jina lijitokeze. Kuwa mwangalifu: laini ya mtoto mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mzazi, na utamwendea mama wa watu asiyejua lolote. Waachie polisi, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, wao wana njia ya kisheria ya kumfikia mtumiaji. Ukifungua shauri, ondoka na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni.

Binti asijibu matusi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa yeyote anayetuma ujumbe kwa nia ya kutisha au kuumiza mtu kihisia: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Akijibu kwa ukali uleule, skrinishoti zake nazo zitaletwa.

Kwa stika za wanafunzi wenzake, mimi ningeanza shuleni kabla ya kituoni. Mwone mwalimu wa malezi ukiwa na skrinishoti zilizochapwa, zimepangwa kwa tarehe. Ukiambiwa simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo haliwahusu, waambie wanaofanya hayo wanakaa naye darasa moja kila siku. Omba wazazi wao waitwe na msimamizi wa kundi afute stika.

Simu mrudishie, ila ilale sebuleni usiku. Mtoto anayenyang'anywa simu kwa sababu kaonewa, mara ya pili hasemi. Asipotaka kuongea nawe, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Na asilazimishwe kutoka kwenye kundi ikiwa kazi za masomo hutumwa humo. Anyamazishe taarifa zake, afungue mchana.