Mbao mbichi, na mengine aliyotufundisha Afande

Wadogo zangu, juzi nimeona tena mlango wa paina ukipakiwa kwenye bajaji huku utomvu unachuruzika penye misumari. Aliyeutengeneza ni kijana mwenye cheti cha VETA, mkono wake mzuri, randa anaijua. Mbao kazitoa dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo, wiki hiyo hiyo. Mteja kalipa, kafurahi, na kiangazi kikikolea ataanza kupiga simu isiyopokelewa. Haya yanatokea hapa Mafinga, mji uliokaa mlangoni mwa msitu wa Sao Hill! Nimechoka kuyaona. Ninyi mlioingia karakana mwaka huu nawaandikia mambo ya mzee aliyenifundisha kazi, ambaye tumemzika majuzi. Mji mzima ulimwita Afande, nami nitamwita hivyo.

1. Mbao zikauke kwanza.

Afande alikwenda Vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi mwaka 1979. Nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, na ule mkanda ukafungwa miaka. Sabuni foleni, sukari foleni, misumari ukiipata unaificha chini ya kitanda. Useremala alikuwa ameuanza kwa baba yake mdogo kabla ya vita, akaurudia. Oda yake kubwa ya kwanza ilikuwa milango na madirisha ya nyumba ya mwalimu, huko juu kwenye mashamba ya chai. Ilikuwa kifuku. Akanunua paina iliyopasuliwa siku chache nyuma, kwa sababu ilikuwa rahisi na yeye alikuwa na haraka ya kujenga nyumba yake na kuoa.

Akatengeneza vizuri sana. Hili alilisisitiza kila alipotusimulia: kazi ilikuwa nzuri, ndiyo maana iliuma. Milango ilikaa kwenye fremu barabara, mwalimu akamshika mkono. Ulipofika mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua na upepo mkavu, mbao zikarudi nyuma, zikasinyaa. Paneli alikuwa amezibana kwa gundi pande zote, hazikuwa na pa kwenda, zikapasuka katikati. Mlango wa mbele ukajikunja hata komeo likawa halifiki. Mwalimu hakuja kulalamika. Afande alipita pale kwa shughuli nyingine akakuta matambara yamesokomezwa kwenye nyufa, na ndani mama ana mtoto mchanga mgongoni, amemfunika na blanketi mbili mchana kweupe.

"Mama yule hakunitukana," alituambia. "Alinikaribisha chai. Bora angenitukana."

Afande alikuwa na mlundo mmoja tu wa mbao kavu, alizokuwa amezitunza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Akazipandisha kule juu kwa mkokoteni, akatengeneza milango yote upya, na madirisha, bila kudai senti. Nyumba yake yeye ikapitisha baridi ile na iliyofuata mlangoni pananing'inia gunia. Harusi ikasogezwa. Mkewe alipokuwa anatuletea uji karakana alikuwa akiisikia habari hii ikianza anacheka, anasema, "Mimi niliolewa na milango ya mwalimu." Afande hakucheka. Kila mwanafunzi mpya aliisikia wiki ya kwanza, kabla hajagusa msumeno, na mimi nikiwemo.

Basi sikilizeni. Mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Paneli iacheni icheze ndani ya mfereji wake, msiitie gundi. Mkilundika, inueni mbao kutoka ardhini, wekeni vipande vya unene mmoja kati ya safu na safu, juu paa, pembeni wazi upepo upite. Mkizilaza mbichi zimebanana, paina inaota ukungu wa bluu. Ncha pakeni rangi zisipasuke. Hamna kipimo cha unyevu? Chukueni kipande kimoja, kipimeni kwenye mizani ya duka kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, hapo tuzungumze. Na kwa kazi inayokwenda Dodoma au Dar es Salaam, hewa ya huko si ya kwetu, mwulizeni mteja anaipeleka wapi kabla hamjakata. Mlundo wenye tarehe za chaki nyuma ya karakana haujafika, bado haujakauka. Hata mteja akipiga magoti, haujafika.

2. Noa. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, maana unaisukuma kwa nguvu usizoziongoza.

3. Fremu pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana ziko sawa, imekaa mraba.

4. Ulimi (ncha iliyochongwa) na tundu unamoingia vikamatane kabla ya gundi.

Afande habari za vita alizisema kwa nadra, na sisi tulijifunza kutouliza. Ila Kyaka aliitaja mara nyingi. Jeshi la Amin lilivunja daraja la Mto Kagera pale mwaka 1978, na wetu wakavukia daraja la muda, mizigo mgongoni, maji chini. Sasa ukimletea kiungo kilicholegea, anakishika, anakitikisa karibu na sikio lake, halafu anakuuliza taratibu: "Hiki ungevukia Kyaka?" Unakirudisha mwenyewe bila kuambiwa. Mnaoziba tundu kubwa kwa vumbi la mbao na gundi, nawaona. Msidhani vanishi inanidanganya.

5. Vifaa vihesabiwe jioni.

Kila kimoja mahali pake ukutani, na anayeondoka anamkabidhi anayebaki, kwa sauti. Tuliona ni ukali wa jeshi usio na maana mpaka keekee ilipopotea ikajulikana siku ile ile nani alikuwa nayo. Siku pekee asiyofungua karakana mbali na Jumapili ilikuwa Julai 25, Siku ya Mashujaa. Alinyoa, akavaa koti lenye medali, akakaa nje ya nyumba yake. Wazee wenzake walipita mmoja mmoja, wakamsalimu "kamwene", wakakaa naye mpaka jioni. Walikuwa wachache kila mwaka. Vijana wa mtaani walipita na pikipiki bila kusalimia, na hilo liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye. Mwaka huu siku hiyo tutafunga.

6. Advansi ni pesa ya mtu.

Si mshahara wako mpaka kazi ifike. Afande aliandika kwenye daftari: jina, kiasi, kazi, siku aliyoahidi. Baada ya msiba tulilifungua tukakuta oda mbili zimelipiwa nusu na hazijakamilika, kabati na kitanda. Kabati tumeshalifikisha. Kitanda kinasubiri vanishi ikauke. Atakayekipeleka Nyololo ni mmoja wenu: aende na bisibisi yake, akifunge mbele ya mwenye nacho, akilalie aone kama kinalia, na asipokee zaidi ya baki iliyoandikwa kwenye daftari.