Siku moja Bangkok: anzia Makumbusho ya Taifa

Ndugu, umesema una siku moja tu ya kujifunza historia ya wafalme wa Thailand, na umepanga Jumanne. Ihamishe: Makumbusho ya Taifa hufungwa Jumatatu na Jumanne. Jumatano au Alhamisi ndiyo bora. Fika kabla ya saa 3:30 asubuhi, waelekezaji wa kujitolea huwatembeza wageni kwa Kiingereza bila malipo ya ziada.

Anzia hekalu la Buddhaisawan, lililo ndani ya uwanja wa makumbusho, la mwishoni mwa karne ya 18. Vua viatu, na ukikaa kunja miguu nyuma, maana kuielekezea sanamu nyayo ni kukosa adabu. Tazama kuta kwa karibu: juu ya michoro ya maisha ya Buddha kuna safu za viumbe wa mbinguni waliopiga magoti.

Kisha banda la magari ya maziko ya kifalme, hilo usilikose kabisa! Kubwa lao lina kimo cha zaidi ya mita 11, mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu. Huvutwa kwa kamba na askari zaidi ya 200, na lilitumika 2017 kwenye mazishi ya Mfalme Bhumibol.

Dereva wa bajaji akikuambia "leo kumefungwa", usimfuate. Atakupeleka duka la vito apate kamisheni. Na chunga ulimi: kumtukana mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15, hata kwa mgeni.