Ulisema kila siku inafanana: yangu yalinitokea Tanga

Mkuu nimesoma ulichoandika mara mbili, hasa pale uliposema kazi unayo, watoto hawaumwi, kodi unalipa kwa wakati ila kila siku inafanana na ya jana na ukiamka hujui unaamkia nini. Wengine wamekwambia uombe Mungu, wengine ufungue biashara, sipingi hata mmoja, ila hilo la siku kufanana nimelipitia mwenyewe kwa hiyo ngoja nieleze yangu, itakuwa ndefu kidogo.

Nilikaa Dar miaka 14, mhasibu kwenye kampuni moja, naishi Kimara. Natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, nikawa naamini kinachoniua ni foleni tu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 nikasema sasa nitapumua, na kweli nikawa nafika nyumbani mapema, lakini nikifika nakaa na simu mpaka usingizi unanipitia kwenye kochi. Kumbe ile foleni ilikuwa inanifichia jambo. 2019 kampuni ikapunguza watu na mimi nikiwemo, nikachukua changu tukarudi Tanga, nyumbani Ngamiani, mke wangu akapata pa kufundisha mimi nikabaki ndani. Naamka saa nne, chai nimeachiwa kwenye chupa siigusi, sijui leo Jumanne au Alhamisi, mtu akibisha hodi nanyamaza mpaka aondoke.

Hapa niseme wazi kwa sababu watu wanaruka hii sehemu: nilienda hospitali. Mke wangu ndo alinipeleka baada ya kuona wiki ya tatu silali usiku na chakula kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Nikaambiwa ni sonona, nikapewa dawa na mtu wa kuongea naye. Kama na wewe hulali, huli, au umeanza kuwaza kufa, usisubiri ushauri wa humu, mwambie mtu wako wa karibu leo hii na mwende hospitali, huo ni ugonjwa na unatibika. Dawa zilinirudishia usingizi. Ila nikishaamka vizuri bado nilikuwa sina cha kuamkia, na nahisi hapo ndo ulipo wewe.

Sasa nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee, alikuwa nahodha wa ngalawa maisha yake yote, haoni. Mimi nilidhani ni mtoto wa jicho nikamshauri binti yake akafanyiwe operesheni, akaniambia walishaenda, ni presha ya macho, ule mshipa wa fahamu wa jicho ulikufa polepole bila maumivu na ukishakufa haurudi. (Mliovuka miaka 40 nendeni mkapime presha ya macho tafadhali, kipimo ni cha muda mfupi tu.) Mjukuu aliyekuwa anamshika mkono kwenda msikitini alfajiri alipata kazi Dar, binti akaniuliza kama naweza kumsaidia kwa wiki moja tu mpaka wapate mtu mwingine. Nikakubali kwa aibu, nitakataaje na nashinda ndani?

Siku ya kwanza tumetoka tu mlangoni, nimemshika, giza bado, akaniuliza "Mwanangu, mwezi uko wapi?" Nikajibu bila hata kuangalia, haupo babu. Akasimama. Akasema tazama upande wa magharibi. Nikainua kichwa, mwezi huo hapo, mzima, unashukia juu ya mwembe wa jirani. Nilisikia haya sana, yaani mimi mwenye macho mawili!

Basi ikawa kila alfajiri lazima aulize na lazima nimwambie ukweli. Mwezi ukiwa mchanga alfajiri huuoni, umeshazama tangu jioni, ukipevuka unaukuta magharibi, ukizeeka unakuwa mwembamba huko mashariki jua linakotokea. Kutoka kwenye jibu langu anapiga hesabu ya maji. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwetu huku yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, afu saa nne saa tano asubuhi yamekupwa kabisa na watu wanashuka na vijiti kuchokoa pweza. Siku za katikati ya mwandamo na mpevu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Siku moja nikamwambia yale yale uliyoandika wewe, babu mimi naona siku zote ni moja. Hakunihubiria, aliuliza tu "jana maji yalijaa saa ngapi?" nikasema sijui. "Na leo?" Sijui. Akasema basi kesho tutaanza na hilo, tukaendelea kutembea.

Lakini kilichonibadilisha hasa sio mwezi. Mwezi wa pili wa hiyo kazi, masika, mvua imepiga usiku kucha, nikazima alamu nikalala. Nimeamka saa moja kasoro, nikakimbia na kandambili. Nikamkuta amekaa barazani, kanzu imeloa upande mmoja, fimbo magotini. Alikuwa hapo tangu adhana. Nikamwambia shikamoo babu nisamehe, akasema "marahaba, nilijua umechoka mwanangu", akanyoosha mkono nimshike twende kwenye kahawa. Hakulalamika hata kidogo. Mkuu mimi nilifanya kazi miaka 14 na siku nilipoondoka nafasi yangu ilijazwa na kompyuta, hakuna aliyenisubiri. Huyu mzee alinisubiri kwenye mvua saa nzima na zaidi. Ile wiki moja niliyoombwa sasa ni mwaka wa sita.

Na mambo mengine yalijifuata yenyewe, nikiwa kwenye kahawa wazee wakajua naelewa mahesabu, nikaanza kushika daftari la rambirambi kukiwa na msiba, afu vijana wawili wenye genge la biashara nikawa nawasaidia vitabu vyao, wananilipa kidogo sio haba. Hela ni ndogo kuliko ya Dar tena mbali mno, na kuna miezi tunabanwa kweli. Bado sitaki kurudi.

Wewe uko kwenye ghorofa na jirani humjui jina, najua sio rahisi kama uswahilini. Ila nakuomba kitu kimoja, tafuta mtu mmoja tu ambaye usipotokea atajua hukutokea. Sio kikundi cha WhatsApp, mtu. Inaweza kuwa mlinzi wa hapo chini asiyejua kusoma barua za watoto wake, inaweza kuwa mtoto wa jirani mwenye hesabu ngumu Jumatano jioni. Usichague kubwa, chagua yenye saa yake.

Una swali niandikie mchana, asubuhi mpaka saa moja na nusu simu naiacha nyumbani, mkono mmoja nimemshika babu na mwingine nimebeba viatu vyake.