Umehamia Dar kutoka kwenye baridi? Tafuta upepo kwanza, AC baadae

Mimi kwetu Njombe, mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, mwezi wa sita unavaa sweta na koti juu yake na bado unasogelea moto. Sasa naishi Dar, na kila ikifika mwezi wa 12 ndugu na marafiki wanaoshuka kutoka Makete, Mbeya, Iringa wananiuliza kitu kimoja tu, hivi nyie huku mnalalaje? Ngoja niandike mara moja ili mwingine akiuliza nimtumie.

Kwanza uelewe unapambana na nini. Ukiangalia namba za joto Dar hazitishi sana, mchana wa mwezi wa pili ni nyuzi 32, 33 hivi, na Dodoma nako kukichachamaa inafika karibu na hapo. Ila Dodoma hewa ni kavu, jasho likitoka linakauka na kule kukauka ndo kunakupoza, halafu usiku kunapoa unajifunika. Dar hewa imeshashiba maji ya bahari kwahiyo jasho linatoka linabaki palepale linatiririka mgongoni, na usiku wenyewe bado nyuzi 25. Kwahiyo ukiniuliza mimi dawa ya Dar ni upepo, kila kitu nachokwambia hapa chini kinarudi hukohuko.

Anza na nyumba, hapo ndo pesa yako inapookolewa au kuteketea. Dalali atakupeleka asubuhi saa tatu chumba kimepoa vizuri, utalipa kodi ya miezi sita siku hiyohiyo. Usilipe. Rudi saa kumi jioni, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Dar tuko karibu na ikweta, jua linapita karibu na utosini, ukuta wa kaskazini na wa kusini hauumii sana ila wa magharibi unapigwa kuanzia mchana mpaka jua linazama na kama ni tofali la saruji linalala na lile joto mpaka saa sita usiku linakutemea wewe kitandani. Chumba cha kulala upande huo achana nacho, au kiwe na mti nje. Halafu tazama juu kuna dari au mabati matupu, kama ni mabati matupu hata kodi iwe ya bure fikiria mara mbili.

Na madirisha jamani. Siku hizi kila fundi anaweka yale ya alumini ya kusukuma, yanapendeza kweli lakini ukifungua umefungua nusu tu, nusu nyingine kioo kimekaa. Chumba kikiwa na dirisha moja la hivyo hewa haina pa kutokea, unahitaji tundu la kuingilia na la kutokea, hata kama la pili ni mlango wenye wavu. Kipindi cha joto upepo wetu ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki, kwahiyo dirisha la upande huo usilizibe na kabati wala pazia zito la velveti (hizi pazia sijui tulizitoa wapi).

Feni sasa. Watu wanaacha pangaboi linazunguka wako kazini eti chumba kipoe, hakipoi, feni haipozi chumba inakupoza wewe mwenye jasho, ukitoka zima uniti za LUKU zisiishe bure. Kama una feni ya stendi, usiku nje kukipoa iweke karibu na dirisha ivute hewa ya nje. Kabla ya kulala oga maji ya kawaida, usijifute ukakauka kabisa, simama mbele ya feni dakika chache, utaniambia. Ila ule mtindo wa kutundika shuka mbichi chumbani wa Dodoma huo, huku unaongeza unyevu tu.

AC sina ugomvi nayo, kama unayo weka nyuzi 25 au 26 na usiku uache feni ikusaidie kusambaza. Pangaboi linakula wati 70 hivi wakati AC ndogo inagonga karibu na 1,000 ikiwa inavuta, piga hesabu mwenyewe.

Kitandani godoro la sponji linashika joto, wenyeji wengi utaona wanashuka kwenye mkeka sakafuni na wanalala fofofo. Neti usiitoe, malaria haiangalii joto, chukua ya pembe nne uifunge pana isikuguse. Nguo ni pamba, kanga, kikoi, dera, hizo poliesta za mtumba zinazong'aa waachie watu wa Njombe.

Maji kunywa kabla hujasikia kiu, dafu likipatikana poa, soda na energy hazihesabiki kama maji mimi naona. Ukifanya kazi ya jua utoe jasho sana, lita moja ya maji safi weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta sio vya mlima, usizidishe chumvi. Watoto wachanga usiwafunge mablanketi eti upepo wa bahari utawaingia, ndo wanatoka vile vipele shingoni.

Hapa usifanye mzaha: mtu akiwa amepigwa na joto akaanza kuongea vitu havieleweki, au akazimia, ngozi inawaka, hiyo sio ya kupumzika kidogo atakaa sawa. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni, na usafiri wa hospitali utafutwe wakati huohuo. Akiwa hajielewi msimnyweshe kitu atapaliwa.

Umeme nao ukikatika saa saba usiku utakumbuka kwenu. Feni ndogo ya kuchaji nunua mwezi wa nane au wa tisa watu wakiwa bado hawazitafuti, na uijaribishe hapohapo dukani, sio ile taa yake tu, feni yenyewe izunguke ikiwa haijachomekwa.